Nyusi Moja na Nusu

Mwaka themanini na tatu, kwenye mnada wa Karatu, vitunguu viliuzwa vya aina mbili: vya kula na vya kusikiliza. Vya kula vilimwagwa juu ya turubai, kila mtu akaviona. Vya kusikiliza vilikaa chini ya gunia, vimeviringishwa kwenye gazeti, wala havikuwa vitunguu. Vilikuwa betri za redio. Mwaka ule kila kitu kiliadimika, walanguzi walisakwa nyumba kwa nyumba, na mwenye betri aliziuza kwa kunong'ona.

Hyasinta alichuchumaa mbele ya gunia hilo. Alivaa gauni la maua ya njano alilolishona mwenyewe, kitambaa cheupe kichwani, kikapu chake kimefunikwa kwa kipande cha marekani. Nyuma yake mbuzi walioteremshwa na Wamasai kutoka Ngorongoro walilia, na moshi wa nyama ukapita pamoja na vumbi jekundu.

"Nataka vile vya kusikiliza," alisema chini chini. "Vinne."

"Ndivyo vilivyobaki," muuzaji alijibu bila kuinua uso.

"Na mimi nataka viwili," sauti ya kiume ilisema juu ya kichwa chake.

Hyasinta akageuka. Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa suruali ya bugaluu, pana chini kama kengele, inafagia vumbi. Akapandisha macho: shati la kaki la madereva wa watalii, mkono wenye alama ya grisi, kisha uso. Nyusi ya kushoto ya uso ule ilikatika katikati, kama njia iliyokatwa na mto.

"Kaka, mimi nimetangulia."

"Nimeona, dada. Lakini tochi yangu imekufa, na mimi nalala juu ukingoni mwa kreta. Nyati wanapita mlangoni kwetu kama majirani."

"Wasalimie. Redio yangu nayo imekufa, na kesho ni Jumapili."

"Jumapili kuna nini?"

Hyasinta alimtazama kama anayetazama mtu asiyejua jua linachomoza wapi. "Kuna *Mlango wa Nne*."

Yule mtu akachuchumaa hapo hapo, bugaluu ikamlalia miguuni. "Basi chukua zote nne," alisema. "Siwezi kumnyima mtu Kibwana na Tunu. Sisi madereva siku hiyo hata kuosha magari hatuoshi."

*Mlango wa Nne* ulikuwa mchezo wa redio. Kila Jumapili saa kumi jioni, Bwana Kibwana, mkuu wa kituo cha reli, alimpenda Tunu, nesi aliyemtunza mama yake mwenyewe mgonjwa, na kila Jumapili kikatokea cha kuwazuia. Nusu ya Karatu ilisimama kusikiliza.

Sasa yule dereva alikuwa ametupia jicho kile kipande cha marekani juu ya kikapu. Kilidariziwa kwa uzi mnene: dirisha la tiketi, kofia, na uso wa mwanamume uliokuwa bado nusu.

"Huyu nani?"

"Kibwana."

"Umemwona wapi?"

"Sijamwona. Namsikia."

"Mbona umemfanya mwembamba? Kibwana ni mnene. Sikiliza anavyopumua akipanda ngazi."

"Anapumua hivyo kwa mapenzi, kaka, siyo kwa mafuta."

Dereva alicheka, na nyusi iliyokatika ikapanda. Jina lake Valeriani, mtu wa Dareda. Hyasinta alirudi nyumbani na betri nne, vitunguu vya kuzifunika, na swali moja lililomsumbua njia nzima: nyusi ile ilikatwa na nini?

Nyumbani alimkuta baba yake, mzee Qamara, ameketi kwenye kigoda chini ya upenu, fimbo kati ya magoti. Zamani Qamara alikuwa mmoja wa vijana waliovunja mawe ya barabara ya kupanda kreta. Siku hizi ugonjwa wa vikope ulikuwa umemla macho, akabaki kuona mwanga na giza tu. Mama alikwishafariki, kaka zake Hyasinta walitawanyika, akabaki yeye, umri miaka ishirini na saba. Kazi yake kudarizi: foronya, mashuka ya maharusi, vitambaa vya meza. Asubuhi alidarizi vya watu. Mchana alimwongoza baba, akampikia, akamtia dawa ya macho. Jioni alidarizi kisichouzwa.

Hicho kisichouzwa kilikuwa kitambaa kirefu cha marekani, na juu yake mchezo mzima wa redio, Jumapili baada ya Jumapili. Aliudarizi kwa uzi mnene makusudi, mshono umenyanyuka, ili baba aupapase. Qamara alianza mwanzo wa kitambaa kila siku, vidole vikitembea polepole, hadi mahali hadithi ilipofikia.

"Huyu Kibwana," alisema wiki ile baada ya mnada, kidole kimesimama usoni, "ameumia lini?"

"Kaumia wapi, baba?"

"Hapa. Nyusi imekatika."

"Uzi ulikatika," alisema Hyasinta, akainuka kwenda kutazama sufuria ambayo haikuwa motoni.

Basi betri zilidumu wiki sita. Zilipochoka zikaanikwa juani, zikapata nguvu ya wiki moja zaidi, zikafa kabisa. Wanawake sita waliokuwa wakija kila Jumapili kusikiliza, wenyewe walijiita Kamati ya Kibwana, wakakaa uani wanatazamana. Mmoja wao alikuwa Sikudhani, aliyeshika mitambo ya simu pale posta, mtu asiyeweza kushika kitu kingine chochote, siri hasa.

"Shoga," Sikudhani alisema, "yule dereva wako wa kreta si ana redio bwenini kwao? Kule wana jenereta."

"Dereva wangu tangu lini?"

"Tangu umshone kwenye kitambaa. Sisi wengine hatujawa vipofu."

Valeriani naye alikwishaleta ujumbe kupitia dereva mwenzake: betri zikiisha, niambie. Ikawa hivi: Jumatatu saa nane mchana, simu inapigwa kutoka hotelini juu ukingoni, Sikudhani anaipokea, anachomeka waya, anamwita Hyasinta kwenye kile kibanda cha mbao, na Valeriani anamsimulia Jumapili yote, kwa sauti za watu wote, za Tunu na za treni. Kisha Hyasinta anakwenda kuwasimulia Kamati na baba, na jioni anadarizi.

"Haya, treni ikaondoka," Valeriani alimaliza siku moja. "Sasa na wewe nipe changu."

"Chako kipi?"

"Kitendawili. Uliahidi."

"Kitendawili."

"Tega."

"Mgeni wangu hali wala hanywi, akinyamaza nyumba nzima inahuzunika."

Waya ulikuwa unavuma kama nyuki. "Mtoto mchanga?"

"Mtoto mchanga hanywi? Wewe ulilelewa na nani? Nipe mji."

Hiyo ndiyo desturi: aliyeshindwa kitendawili humpa mwenzake mji, naye huenda huko kwa maneno, akala, akanywa, akatamba, ndipo afumbue.

"Nakupa Arusha."

"Nimekwenda Arusha, nikazunguka mnara wa saa, nikanunua nyuzi za rangi kumi na mbili, nikawakuta madereva wamevaa bugaluu nikawacheka, nikarudi. Jibu ni redio."

"Nilikuwa nataka kusema hivyo."

"Ulikuwa unataka," Sikudhani aliingilia kutoka kwenye mitambo. "Dakika tatu zimekwisha, wapenzi wasikilizaji."

Kila aliposhindwa, na alishindwa mara nyingi, Valeriani alimpa Arusha. Hyasinta akaanza kujiuliza. Mtu ana nchi nzima ya kugawa, kwa nini mji mmoja tu? Siku moja alimuuliza. "Kampuni inataka kunihamishia huko," alisema. "Ofisi kuu. Nyumba, umeme, maji bombani. Nyuzi za rangi kumi na mbili."

"Na kreta?"

"Kreta haitahama, Hya."

Alisema "Hya" kwa mara ya kwanza. Hyasinta alitoka posta amekumbatia kikapu, amefurahi nusu, nusu nyingine hajui aiweke wapi. Baba alikuwa anamsubiri chini ya upenu, ameinua uso kuelekea mlio wa viatu vyake.

Kisha zikaja mvua za Aprili. Jumapili moja barabara ya kupanda kutoka ndani ya kreta iligeuka uji, na Landirova ya Valeriani ikazama hadi ekseli na wazungu wanne ndani. Saa kumi ikapita akiwa anachimba kwa jembe. Alifika bwenini mchezo umekwisha, na wenzake wote walikuwa huko huko kwenye matope wakivutana kwa kamba. Hakuna aliyesikia.

Jumatatu angeweza kusema: jana sikusikia. Maneno mawili. Lakini bila hadithi, dakika tatu zingekuwa za nini? Na moyoni alikuwa na swali lililomkaba tangu barua ya uhamisho imfikie. Saa nane akashika simu, akavuta pumzi kama Kibwana kwenye ngazi.

"Jana palikuwa pazito," alisema. "Kibwana kapata uhamisho. Kituo cha mbali. Akamwendea Tunu akamwambia: twende wote."

"Tunu akasemaje?" Hyasinta aliuliza. Hata Sikudhani hakukohoa.

"Akakubali. Akamwacha mama yake kwa majirani, wakapanda treni."

Hyasinta alisimulia hivyo hivyo uani. Kamati iligawanyika, wengine wakamlaani Tunu, wengine wakasema msichana naye ana maisha yake. Jioni Hyasinta alidarizi: treni, Tunu dirishani, na pembeni kikongwe mmoja kitini. Qamara alipapasa kipande kile siku baada ya siku. Vidole vilikuwa vinakwenda moja kwa moja hadi kwa yule kikongwe, vinakaa.

"Majirani wenyewe ni watu wazuri?" aliuliza.

"Majirani gani, baba?"

"Wa huyu mama."

"Redio haikusema."

Jumapili iliyofuata Sikudhani alikuja na bajia na betri nne, alizozipata kwa njia ambayo hakuitaja. Redio ikawashwa, Kamati ikasogea. Na Kibwana huyo hapo, yupo hospitali, mguu umevunjika tangu wiki iliyopita kwa kuangukiwa na sanduku la mizigo, na mama yake Tunu ameketi kando ya kitanda anammenyea chungwa. Hakuna uhamisho. Hakuna treni. Hakuna majirani.

Wanawake wakamgeukia Hyasinta.

"Mbona ulituambia wamesafiri?" mmoja aliuliza.

"Nilisikia kwa masikio yangu," Sikudhani alimtetea. "Aliambiwa. Nilikuwa kwenye waya." Akajiziba mdomo, lakini hilo wote walikwishajua.

Hyasinta aligeuka amtazame baba, akakuta kigoda kitupu. Alimkuta chumbani, anapapasa nguo zake, anaziweka moja moja kwenye mfuko wa nailoni.

"Baba, unafanya nini?"

"Shangazi yako wa Endamarariek nimemtumia salamu kwa watu wa kanisani. Amekubali nikakae kwake." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayezungumzia mahindi. "Ulikuwa na haki ya kuniambia wazi, mwanangu. Lakini nimeelewa hata hivyo. Ulitunga vizuri."

Hapo ndipo Hyasinta alipoelewa. Baba alidhani hadithi ya treni ameitunga yeye, kwamba ameshindwa kumwambia mdomoni, akamdarizia. Kwa siku sita mzee yule alikuwa anapapasa kufukuzwa kwake.

Alipiga magoti akazitoa nguo mfukoni, moja moja. "Siyo mimi, baba. Siyo mimi niliyetunga." Lakini Qamara alitikisa kichwa, na zile nguo, kila alipozitoa, alizirudisha.

Jumatatu simu ililia saa nane kamili.

"Hya, mpenzi wangu, Sikudhani ananiambia jana umesikia..."

"Nimesikia. Nimesikia mguu uliovunjika. Ile treni ulipanda wewe na nani?"

Waya ulivuma. "Nilikwama kwenye matope," Valeriani alisema. "Sikusikia mchezo. Nikaogopa hutakuwa na sababu ya kuja posta."

"Sababu ya kuja posta ulikuwa wewe, bwana. Hukuona?"

"Hya..."

"Na ukaona ukiniuliza wewe mwenyewe ni kazi, ukamtuma Kibwana. Mimi nikalichukua swali lako nikamkabidhi baba yangu mikononi. Sasa amefunga mfuko. Umemhamisha mtu mzima kwa mdomo wako, kutoka huko juu, hata matope ya viatu hujafuta."

"Sikumkusudia mzee."

"Ulimweka kwenye kiti peke yake, Valeriani. Nilimshona mimi, lakini ulimweka wewe. Sikudhani, kata waya."

Sikudhani, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukata waya wenye maneno, aliukata.

Jioni Hyasinta alichukua mkasi mdogo akafumua kipande cha treni, uzi kwa uzi. Matundu ya sindano yalibaki kwenye marekani. Jumatatu tatu zikapita hakwenda posta. Sikudhani alipita kila jioni na taarifa: leo amepiga mara mbili; leo hakusema kitu, alipumua tu; leo ameniuliza mimi kitendawili, nami nikashindwa, nikampa Tanga. Hyasinta alidarizi foronya za maharusi wa watu, akajichoma vidole kama anayeanza kazi. Shangazi alituma habari kwamba gari la mahindi litapita kumchukua mzee Jumapili ya mwisho wa mwezi.

Jumapili hiyo, robo saa kabla ya saa kumi, Kamati ikiwa imekaa uani, mfuko wa Qamara ukiwa umesimama mlangoni, gari lilisimama barabarani. Hyasinta alifunga macho. Lakini halikuwa gari la mahindi. Ilikuwa Landirova, matope hadi madirishani, na aliyeshuka alivaa suruali mpya iliyonyooka, ya fundi, bila bugaluu.

"Shikamoo mzee," Valeriani alisema, akiinama.

"Marahaba. Sauti hii siijui."

"Hujawahi kuisikia, mzee, ila maneno yake unayo. Mimi ndiye niliyetunga ile treni. Binti yako hakujua. Alidanganywa, akakuletea alichopewa." Wanawake sita walimtazama, naye hakupunguza sauti. "Nilitaka kujua kama angekubali kuhama na mimi, nikakosa ujasiri wa kuuliza. Nimekuja kuomba radhi mbele ya wote walioisikia."

Qamara akanyoosha mikono miwili. "Sogea."

Valeriani alipiga magoti. Vidole vya mzee, vigumu kwa mawe ya zamani, vilianza kwenye paji la uso, vikashuka polepole kama vilivyozoea kushuka kwenye kitambaa. Vikafika nyusi ya kushoto. Vikasimama. Vikarudi, vikapita tena pale palipokatika.

Hyasinta alitamani ardhi immeze na kikapu chake.

"Kumbe uzi haukukatika," Qamara alisema.

Sikudhani aliangua kicheko, akafuatwa na Kamati nzima. Mzee hakucheka, ila midomo ilimcheza.

"Nini kilikukata hapa?"

"Hendeli ya gari, mzee. Niliizungusha ikanirudi. Kona ya tatu, kupanda kreta."

"Kona ya tatu naijua. Jiwe la pale lilitukalisha wiki mbili." Alibaki ameshika uso ule. "Mwongo wewe, lakini unatunga. Ile treni niliisikia inavuta. Sasa nikutegee. Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu ilikuwa na madirisha mawili, yakazibwa, nikafungua kumi."

Valeriani alitazama paa, akatazama mlango, akatazama ule mfuko uliosimama pale. Hyasinta alijua jibu, Kamati ilijua jibu, jibu lenyewe lilikuwa limemshika mashavu, naye halioni.

"Nimeshindwa, mzee."

"Nipe mji."

Wote walijua mji. Sikudhani alikwishaanza kuutamka.

"Nakupa Karatu," alisema Valeriani.

Qamara akainamisha kichwa kama asiyesikia sawasawa. "Karatu ndipo nilipo."

"Ndiyo mji niliobaki nao, mzee. Arusha nimewarudishia wenyewe, na barua yao. Misheni wanatafuta dereva, nimezungumza nao juzi. Naanza mwezi wa sita."

Mzee aliachia uso wa Valeriani, akaegemea ukuta, akatamba kama desturi inavyotaka, ila kwa sauti ya chini. "Nimekwenda Karatu. Nikakaa chini ya upenu wangu. Nikamkuta kijana wa Dareda anaendesha gari kwenye barabara niliyoivunjia mawe. Nikaona sina sababu ya kwenda Endamarariek, nikamwambia binti yangu aurudishe ule mfuko ndani. Jibu ni vidole."

Mmoja wa wanawake alishika mfuko, lakini Hyasinta alimtangulia. Aliuchukua mwenyewe, akauingiza ndani, akakaa huko kwa muda zaidi ya unaohitajika kuweka mfuko. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na kidevu kimeinuka.

"Mmemaliza kugawana miji?" aliuliza. "Mimi mbona sijaulizwa kitu?"

Valeriani alisimama, magoti yana vumbi. "Nakuuliza sasa. Mwenyewe, kwa mdomo wangu, bila Kibwana. Hya, utakubali tuoane, tukae hapa, pamoja na mzee?"

Hyasinta alimtazama suruali, akamtazama ile nyusi. "Nitakujibu Jumatatu," alisema. "Saa nane. Piga simu."

"Si nipo hapa?"

"Ulinizoesha kusubiri Jumatatu. Na wewe subiri."

Redio ikaanza muziki wa mchezo. Kamati ikamsogezea mgeni mkeka, ikampa bajia, ikaendelea kumkagua kuliko ilivyosikiliza.

Jumatatu posta ya Karatu ilikuwa na wateja wengi wa stempu ambao hawakuwa na barua. Saa nane simu ikalia, Sikudhani akachomeka waya, Hyasinta akaingia kwenye kibanda na kufunga mlango, ambao haukuwa na kioo, kila neno likatoka nje.

"Hya?"

"Nipo. Baba amenikataza nisikidarizi tena kile kipande nilichofumua. Anasema matundu yake yabaki, anapenda kuyapapasa."

"Na mimi jibu langu?"

Alisikia upepo wa kule ukingoni kwenye waya, na pumzi yake ikipanda ngazi.

"Nimekubali," alisema. "Ukija na wazee wako, uje na betri nne. Zile za Sikudhani zimekwisha, na Jumapili Kibwana anatolewa plasta."